Kutoa kutu kwenye tangi la pikipiki ya zamani

Pikipiki ya baba mdogo ilikaa miaka sita kwenye stoo ya uani, Pangani, pua kwa pua na upepo wa bahari, imefunikwa turubai na majamvi machakavu. Ni Honda CG125. Aina hiyo ilianza kutengenezwa 1976, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mitaani leo zina injini iliyonakiliwa kutoka kwake. Tulimwaga petroli iliyokuwemo, tukatia mpya, tukabadili plagi, ikawaka kwa kiki ya nne. Iliunguruma dakika mbili, ikakohoa, ikazima. Nilipofungua bakuli la kabureta nikakuta tope jekundu, kama mtu kasaga tofali la kuchoma akalimwagia humo.

Baba mdogo, aliyekuwa kakaa barazani na kikombe chake cha kahawa, akasema: "Kabureta hiyo mwanangu niliisafisha mara tatu kabla sijaiegesha."

Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo kila siku. Mtu husafisha kabureta, huendesha wiki moja, pikipiki inaanza tena kukohoa, anarudi kwa fundi, kabureta inafunguliwa upya. Ugonjwa uko juu, kwenye tangi. Kulitibu ni kazi ya siku mbili au tatu, vifaa vyake vingi viko jikoni na dukani, na sehemu inayowashinda wengi si kuitoa kutu. Ni kuizuia isirudi katika nusu saa ya kwanza baada ya kuosha.

Utajuaje kuwa ni tangi

Pikipiki inawaka vizuri asubuhi, silensa (mwendo wa injini bila kuvuta resi) imetulia, lakini ukivuta resi mlimani inaishiwa nguvu kama imekosa mafuta, kisha ukisimama kidogo inarudi. Au inakwenda vizuri kwenye mafuta ya kawaida, ukigeuza koki (bomba la kufungulia mafuta chini ya tangi) kwenye rizevu, yaani akiba, inazima. Rizevu huvuta kutoka karibu na sakafu ya tangi, na huko ndiko uchafu unakokaa. Ukiona filta ya plastiki ya kwenye mpira wa mafuta imegeuka kahawia, huna haja ya kuuliza zaidi.

Fungua mfuniko umulike kwa tochi ya simu. Usiangalie ukuta wa juu tu. Tangi limekaa juu ya fremu kama tandiko juu ya punda, lina mifuko miwili inayoning'inia kulia na kushoto. Maji ni mazito kuliko petroli, yanashuka chini ya mifuko hiyo na hayatoki, kwa sababu bomba la koki limesimama juu ya sakafu ya tangi. Na kwa kuwa pikipiki nyingi huegeshwa kwa stendi ya pembeni, ikiegemea kushoto, mfuko wa kushoto ndio unaooza kwanza.

Maji yanatoka wapi kama hukuyatia? Tangi linapumua. Mchana joto linasukuma hewa nje kupitia kitundu cha mfuniko, usiku tangi linapoa na kuvuta hewa mpya ndani. Ikiwa tangi ni nusu tupu, na hewa yenyewe ni ya pwani wakati wa masika, kila usiku matone machache yanabaki ukutani. Zidisha kwa miaka sita.

Kushusha na kumwaga

Funga koki, chomoa mpira wa mafuta, toa siti, fungua bolti ya nyuma ya tangi, kisha livute kwa nyuma huku unaliinua. Mbele limeshikwa na mipira miwili tu. Kama lina geji ya mafuta, chomoa waya zake kwanza.

Mwaga petroli kwenye dumu. Petroli iliyokaa miaka hunuka kama vanishi, na hiyo usiirudishe kwenye injini. Mimi huiacha itulie, nikatumia ya juu kuoshea minyororo. Usiimwage mtaroni.

Sasa toa koki na, kama ipo, geji. Hivi havipaswi kuonja asidi hata kidogo, maana koki ni ya aloi laini na asidi itaitafuna kabla haijamaliza kutu. Tundu la koki lizibe kwa kipande cha bati nene kilichokatwa kwa umbo lake, katikati ukiweka mpira wa tyubu ya baiskeli, ukikaza kwa bolti zilezile.

Jambo la kushika hapa: tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Mvuke wa petroli unalipuka ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 1.4 na 7.6, na kiasi hicho kinaweza kubaki ndani ukishamwaga. Kwa hiyo kazi yote ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa, sigara, na fundi wa kuchomelea wa jirani. Osha tangi mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kila mara ukilitikisa na kulimwaga, mpaka harufu ya petroli iishe. Sabuni ina kazi ya pili pia. Petroli ya zamani huacha utando wa gundi juu ya kutu, na asidi haipenyi utando huo.

Chokonoa kabla hujatia asidi

Geuza tangi, chunguza chini ya mifuko yote miwili. Pitisha ncha ya bisibisi ukibonyeza kiasi, hasa kwenye mshono na pale rangi ilipovimba kama lengelenge. Bisibisi ikizama, jua kwamba chuma kimekwisha na kilichokuwa kinashikilia mafuta ni kutu yenyewe na rangi. Afadhali ulijue leo kuliko kulijua mafuta yakidondokea injini ya moto. Tangi lenye tundu moja au mawili linazibika, tutalifikia. Lenye sakafu laini kote, tafuta jingine kwa wauza spea za mitumba.

Kuna hali ya kinyume pia. Baadhi ya matangi yalitoka kiwandani yamepakwa zinki ndani. Ukimulika ukaona ukuta wa kijivu kote, na kutu ni madoa machache tu sakafuni, usitie asidi, kwa sababu itaondoa zinki iliyobaki na utakuwa umejitafutia kazi. Osha kwa sabuni, kausha, weka filta nzuri, endesha.

Kukwaruza kwa mnyororo

Kutu iliyovimba magamba huipunguzi kwa asidi peke yake, labda uwe na wiki nzima. Ianze kwa kukwaruza. Wengine hutia kokoto. Mimi sizipendi, zinasagika na kuacha vumbi lililo gumu kutoka kuliko kutu yenyewe. Nati na bolti ni bora, zina kona za kukwangua.

Mara ya kwanza nilitia nati arobaini. Nilizihesabu, hilo nilifanya vizuri. Zilitoka thelathini na tisa. Nilitikisa, nikageuza, nikafunga sumaku kwenye kamba nikaivua kama mvuvi wa ngisi, wapi. Mwisho nililigeuza tangi mdomo chini, nikawa nalipiga kwa kiganja pande zote, ndipo ikalia "tang" na kuanguka. Ilikuwa imekaa kwenye ukingo nyuma ya shingo ya kujazia mafuta. Tangu siku hiyo natumia mnyororo wa baiskeli uliokwisha, nusu mita hivi, nimeufunga waya mwisho mmoja na waya huo nimeukunja nje ya mdomo wa tangi. Unaingia wote, unatoka wote.

Tia mnyororo pamoja na lita moja ya maji ya sabuni, funga mdomo kwa kitambaa kizito, lizungushie tangi godoro chakavu ili rangi isikwaruzike, kisha tikisa. Kulia, kushoto, juu chini, lipumzishe kwa ubavu mmoja uendelee. Dakika ishirini za kutikisa ni nyingi kuliko unavyofikiri. Waite vijana wapokezane. Maji yatakayotoka yatakuwa mekundu kama ukwaju uliokolea. Rudia mpaka yaanze kufifia.

Asidi

Mama zetu pwani walijua hili zamani. Sufuria ya shaba husuguliwa kwa ukwaju au ndimu, ikang'aa. Uchachu ndio unaofanya kazi, nasi tunatumia uchachu huohuo kwa wingi.

Chaguo langu ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe kama sukari wanaotumia watengeneza juisi na sabuni. Kwa tangi la lita kumi natumia kilo moja. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya plastiki kwa maji ya moto, moto wa kuoga kwa kujikaza, si wa kuchemka, ndipo uimimine kwa faneli. Vaa glovu na miwani. Kabla ya kumimina paka grisi kuzunguka mdomo na ufunike tangi nje kwa nailoni, maana tone likikaa kwenye rangi au kromu litaacha alama.

Jaza hadi shingoni kabisa. Ukijaza nusu, paa la tangi litabaki na kutu, na litaanza kukudondoshea magamba mwezi ujao. Usikaze mfuniko. Asidi ikigusa chuma hutoa gesi ya haidrojeni, nayo inawaka moto na ikifungiwa inaleta mgandamizo. Funika kwa kitambaa tu, acha tangi kivulini, nje.

Angalia kila baada ya saa chache. Maji yataanza kuwa ya manjano, kisha kijani kibichi chenye giza. Kutu nyepesi huisha kwa saa sita hadi kumi na mbili, nzito hufika siku nzima. Dalili ya kumaliza ni mapovu: yakianza kupanda kwa wingi kutoka kwenye ukuta uliokwisha kuwa wa kijivu, asidi imemaliza kutu na sasa inakula chuma kizima. Mwaga. Kutu ikiwa bado ipo na mapovu yamekufa, asidi imechoka, changanya nyingine.

Siki ya dukani nayo inafaa, bila kuongeza maji, ila ni ya polepole, siku mbili hadi nne, na gharama yake kwa lita kumi si ndogo. Soda nyeusi inayosifiwa vijiweni ina asidi kidogo mno na sukari nyingi, utabaki na tangi linalonata. Maji ya betri sitaki hata kuyajadili. Yanakula chuma pamoja na kutu, na yakirukia jicho umeaga jicho.

Wenye chaja ya betri wanaweza kutumia umeme. Jaza tangi maji yenye magadi, kijiko kimoja kwa lita, tumbukiza nondo isiyogusa tangi popote, waya wa chanya kwenye nondo, wa hasi kwenye tangi. Ukigeuza nyaya hizo utaliozesha tangi badala ya kuliponya. Nondo iwe chuma cha kawaida, isiwe chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hicho kina kromu na maji yake yanakuwa sumu. Nimejaribu, inafanya kazi, lakini nondo inasafisha inakotazamana nako tu. Mfuko wa upande wa pili wa tangi haufikiwi vizuri, kwa hiyo nimerudi kwenye sitriki.

Nusu saa ya hatari

Hapa ndipo penyewe. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi. Hakina kutu, hakina mafuta, hakina chochote cha kukikinga, na hewa yenye unyevu ikikigusa kinashika kutu upya ukiwa unakitazama.

Tangi langu la kwanza lilitoka likimeta kijivu kama samaki aliyeparuliwa. Nikalisuuza kwa maji ya bomba, nikaliacha uani lijikaushe, nikaenda swala ya Ijumaa. Niliporudi lilikuwa la rangi ya machungwa toka shingoni hadi kwenye koki. Kilo nzima ya sitriki imepotea bure.

Kwa hiyo andaa kila kitu kabla hujamwaga asidi. Uwe na sufuria mbili kubwa za maji yanayokaribia kuchemka. Ya kwanza itie magadi, vijiko vikubwa vitatu hivi kwa lita tano. Mwaga asidi kwenye ndoo, mara moja mimina maji ya magadi, tikisa. Yatatoa povu, ni asidi iliyobaki inauliwa. Mwaga, kisha suuza kwa sufuria ya pili, hii iwe na magadi chembe tu. Maji ya moto yanakusaidia mara mbili: yanasuuza, na yanaacha bati likiwa moto kiasi cha kujikausha lenyewe. (Asidi iliyo ndooni nayo itie magadi mpaka iache kutoa povu kabla ya kuimwaga, na isiwe kwenye mchicha wa watu.)

Sasa kausha, na una njia mbili ambazo hazichanganywi. Ya kwanza ni hewa ya moto. Kama harufu ya petroli ilikwisha siku ya kwanza, ingiza draya ya nywele shingoni, tundu la koki likiwa wazi chini ili hewa ipite, dakika thelathini bila kuiacha. Ya pili ni spiriti. Tia nusu lita, zungusha ifike kila kona, inabeba maji yaliyobaki, imwage, kisha pulizia kwa kompresa ya fundi tairi na uliweke tangi juu ya paa la bati saa saba mchana. Ukitumia spiriti, draya usiiguse, kwa sababu mvuke wa spiriti na waya wenye moto ni moto mtupu.

Hakikisha kwa kuingiza kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye waya mpaka chini ya kila mfuko. Kikitoka kikavu, endelea papo hapo. Changanya lita moja ya petroli na mililita mia za oili ya tu-stroki, mimina, geuza tangi pande zote kwa dakika tano ili kila mahali papate utando. Imwage kwenye chupa ya kioo uiache itulie. Ukiona vumbi jekundu limejikusanya chini ya chupa, rudia kwa mchanganyiko mpya.

Kama kuna tundu

Mpelekee fundi wa rejeta, si wa kuchomelea. Fundi wa rejeta analehemu kwa risasi, joto lake ni dogo. Hata hivyo mwambie alilaze tangi tundu likiwa juu, alijaze maji hadi chini kidogo ya tundu, ndipo awashe moto. Hivyo mvuke hauna pa kukaa. Akisema haina haja, chukua tangi lako uondoke. Kwa kitundu cha ncha ya sindano mahali pasipotikisika, gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili inashika, ilimradi umesugua kwa msasa hadi chuma king'ae.

Kuna rangi maalumu za kupaka ndani ya tangi. Watu wananiuliza kila mara, na jibu langu huwa lilelile: usipake mpaka iwe lazima. Ukuta ukiwa na unyevu kidogo au mafuta kidogo, rangi hiyo inabanduka baada ya mwaka, inakuja vipande kama maganda ya kitunguu na kuziba koki. Kuitoa ni kazi kubwa kuliko kutoa kutu. Tangi kavu linalotumiwa kila siku halihitaji.

Kurudisha

Usifunge tangi safi juu ya mabomba machafu. Fungua koki, osha vichujio vyake, badili oringi. Badili mpira wa mafuta kama umekakamaa, na katikati weka filta ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, ikitazama upande unaoelekezwa na mshale wake. Kwenye kabureta toa jeti (vipande vyenye kitundu kinachopima mafuta), kubwa na ile ya silensa, zipulize, uzitazame kwa mwanga. Ukiona mwanga wa duara kamili, imezibuka. Usichokonoe kwa waya, utapanua tundu na pikipiki itaanza kula mafuta. Chunguza pia kitundu cha mfuniko. Kikiziba, tangi linakosa hewa na pikipiki itazima baada ya kilomita kadhaa, nawe utadhani kutu imerudi.

Jaza tangi lote siku hiyohiyo. Mahali palipo na petroli hapana hewa. Baada ya wiki moja legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga matone kwenye kikombe cheupe. Vumbi kidogo ni la kawaida, ni mabaki yanayoshuka. Badili filta, angalia tena baada ya wiki mbili.

Na ikibidi pikipiki ilale miezi, iache ikiwa imejaa hadi shingoni, koki imefungwa, kabureta imemwagwa, na isimame kwa stendi ya kati. CG ya baba mdogo sasa inakwenda Muheza na kurudi kila Jumamosi. Chupa ya mchanganyiko wa mwisho bado iko dirishani kwake. Aliikataza isimwagwe, anawaonyesha wageni ule ukanda mwembamba mwekundu ulio chini.